Dada Yako Amegoma Kupiga Magoti

Kwako Babu Askofu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, ila bila hiyo barua haitaki kuanza.

Nimechoka, Babu. Tangu tukuzike pale Kanisa Kuu, mimi ndiye ninayekaa na Bibi, dada yako, nikitoka shule. Mama anasema mimi mkimya, nitamfaa mzee. Ukweli ni kwamba darasani nasoma kwa Kiingereza, nyumbani tunaongea Kiswahili, na kwa lugha zote mbili nashindwa kufungua mdomo mbele za watu. Wewe ulilijua hilo. Siku uliyonipa Kipaimara uliniuliza swali, nikaganda, kanisa zima linasubiri. Ukacheka kidogo: "Huyu jibu analo. Tumwache akae nalo." Ukanipaka mafuta, ukaenda kwa mwingine.

Kwenye mazishi walisoma maisha yako. Mtoto wa wafugaji wa Iguguno, seminari ungali mdogo, upadre, kisha uaskofu wa miaka mingi hadi ukawapa Kipaimara wazazi na baadaye watoto wao. Wakataja shule, visima, zahanati, na vigango vya vijijini ambako gari lilikwama kwenye matope ukashuka kusukuma na makatekista. Nikawa nasubiri wafike kwenye sebule yetu hapa Mandewa. Hawakufika.

Wangejuaje? Kila ulipokuja, uani palijaa watu wakiimba, na Bibi, aliyekubeba mgongoni ukiwa mtoto, alipiga magoti kama wengine, na lile goti lake bovu, akabusu pete yako. Halafu mnaingia ndani, na mimi nyuma yenu. Unafunga mlango mwenyewe, unavua pete unaiweka juu ya redio, unachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekonda. Huko kwa maaskofu hamli?"

"Tunakula, dada. Ni mambo ya watu tu, hayaishi."

Kisha unakaa kwenye mkeka, miguu umeinyoosha, soksi ina tundu, mnaongea Kinyiramba ambacho mimi nakishika nusunusu. Ni hapo tu niliwahi kukuona umechoka. Nje ya mlango ule hukuthubutu.

Leo ilikuwa misa ya kukukumbuka, mwaka tangu uondoke. Bibi alikuwa hajawahi kufika kaburini kwako hata mara moja, na asubuhi akagoma tena. Shangazi, binti yake, alishavaa.

"Mama, dada wa Askofu akikosekana, watu watasema nini?"

"Waseme. Nikifika pale mtanipigisha magoti. Nimepiga ya kutosha. Kila nilipompigia, aliingia ndani akaniamkia. Sasa nani ataniamkia?"

"Mama, marehemu haamkii."

"Basi na mimi siendi."

Shangazi akanigeukia. "Na wewe si useme naye! Umekaa tu kama picha ukutani."

Akatoka kuwasha gari. Honi ikaanza kulia. Nilimwona Bibi anavyojikunja kwenye kiti, nikajua akibaki leo, hataenda tena. Nikafunga mlango. Nikachuchumaa. Sauti ilikwama kama siku ile ya Kipaimara, ila ikatoka.

"Shikamoo dada."

Babu, niliogopa. Mjukuu kumwita bibi yake dada! Akanitazama mpaka nikatamani kukimbia.

"Usidhani nimechanganyikiwa," akasema. "Najua wewe ni nani."

"Ndiyo, Bibi."

"Rudia. Mwenzako alikuwa anainamisha kichwa."

Nikainamisha. "Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu." Mkono wake ulitua kichwani kwangu. "Umechelewa. Haya, lete viatu."

Kanisani hakuna aliyemwambia kitu. Alipiga magoti mwenyewe, akaweka kiganja juu ya jiwe la kaburi lako, akakaa hapo hadi kwaya ikaishiwa nyimbo.

Sasa amelala kwenye kiti na kitenge chake cha misa. Mimi miguu imeisha, kichwa kizito, na sijui kama nilichofanya ni sawa; padre sijamwuliza. Ila akiamka atataka shikamoo nyingine kabla ya chai, namjua, na nitachuchumaa tena.

Wewe pumzika, Babu. Vua na soksi. Mlango nitaufunga mimi.

Mjukuu wako wa Mandewa,
yule uliyemwacha akae na jibu lake