Maji Niliyoyapima Nikiwa Kitandani

Jumatatu, 3 Machi

Jana asubuhi bahari ilipanda kuja kutuona. Dhoruba yenyewe ilikuwa mbali huko, hapa hata tone la mvua hatukupata, lakini maji yaliuruka ukuta mpya wa pwani kama mbuzi anavyoruka ua. Mtaa wa chini yalifika madirishani. Sisi huku juu tumelowa vifundo tu. Jirani yetu, fundi cherehani, kabati limemwangukia, mguu umevunjika. Watu kutwa wanautukana ukuta. Mimi nafagia maji, simo. Mke wangu ameniuliza tangu lini nimeanza kuwa na haya.

Jumatano, 5 Machi

Haya, mzee, andika, humu hasomi mtu.

Kazi yangu, miaka kumi na moja sasa: maji yakijaa naenda gatini, natazama nguzo yenye namba, naandika daftarini yamefika wapi. Miaka mitatu ya kwanza nilikwenda. Halafu goti — halafu drafti — halafu uvivu, tuuite kwa jina lake. Nikawa napima kitandani. Nachukua namba ya jana, naongeza vidole viwili, kesho napunguza kimoja, ionekane bahari inapumua. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, ndizo hasa za kwenda, ndizo nilizolala zaidi. Upepo ule, nani atoke?

Nilidhani madaftari yale yanaliwa na panya ofisini. Kumbe ndiyo wahandisi waliyoyatumia kupanga urefu wa ukuta.

Alhamisi, 6 Machi

Hospitali, kumwona fundi. Nilikwenda kumwambia ukweli. Nikamwambia mguu usipopona atashona suruali za mguu mmoja, apate wateja wapya. Alicheka mpaka akashika mbavu. Akasema jirani, mji huu ungekuwa na watu kumi wanaofanya kazi yao kama wewe, mimi nisingekuwa hapa.

Nikamenya chungwa lake, nikalila lote. Hata sikujua nakula.

Jumamosi, 8 Machi

Mhandisi wa ukuta amekuja. Binti mdogo, viatu vya mpira mpaka magotini, shikamoo babu, poleni na mafuriko. Anasema kwa madaftari yangu, maji ya Jumapili ni ya kutokea mara moja katika umri wa mtu. Vipimo vyako safi, babu, hujaruka hata siku moja. Kwa hiyo keshokutwa wanaanza kuujenga upya ukuta pale ulipobomoka, urefu uleule. Fundi atarudishwa nyumbani kwake, nyuma ya ukuta huohuo.

Mke wangu alikuwa anamimina chai. Mweleze mtoto wa watu ulivyokuwa unapima, akasema, kwa sauti tamu. Miaka arobaini naijua sauti ile. Nikajibu: kwa uangalifu.

Kikombe changu hakikujazwa.

Jumapili, 9 Machi

Mhandisi yuko mlangoni. Maji yanajaa saa nne, anataka twende gatini nimwonyeshe ninavyosoma. Nguzo sijaisogelea miaka minane, sijui hata kama namba bado zipo.

Namsikia mke wangu huko nje: anakuja, mwanangu, anatafuta miwani. Miwani ninayo puani, ndiyo ninayoandikia haya.

Daftari la mwezi huu liko hapa mezani. Nililijaza lote mwezi haujaanza. Ya leo imo. Ya tarehe ishirini imo. Na Jumapili iliyopita, siku ya mafuriko — maji ya kawaida.

Anaita tena. Babu, anasema, uje na daftari lako.