Wamenichagua Mimi Nimalizie

Migori, Jumapili, saa kumi na moja na nusu jioni. Mvua ilitupokea tulipofika, sasa imepungua na inadondoka tu kwenye mabati. Nimepewa chumba changu peke yangu kwa sababu, eti, mtu wa kumalizia lazima apumzike. Wenzangu wanne wamebanana chumba kimoja huko nyuma. Nina huzuni na nina aibu, na sioni kupumzika kutanisaidia nini.

Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Nyumbani kwetu daftari lililoandikwa Kijaluo huokotwa na kila mtu na kusomwa kwa sauti jikoni, lakini Kiswahili huwachosha upesi. Kwa hiyo hapa naweza kusema ukweli.

Ukweli wenyewe ni kwamba kesho asubuhi tunaanza mbio za baiskeli kutoka hapa Migori mpaka Homa Bay, mimi ndiye niliyechaguliwa kumalizia, na mimi siwezi kumalizia.

Niieleze vizuri, maana hata mimi naanza kuchanganyikiwa. Katika mbio hizi timu nzima hufanya kazi kwa ajili ya mtu mmoja. Wengine wanamkatia upepo njia yote, wanachoka kwa niaba yake, halafu zikibaki hatua mia tatu wanajitoa pembeni, naye anachomoka na nguvu zote walizomwekea. Kama hana kasi ya mwisho, jasho lao limemwagika bure. Mimi naweza kunyonga baiskeli kutwa nzima bila kulalamika. Nipe kilima, nipe matope, nipe jua la saa nane. Lakini mwisho ukifika miguu yangu inabaki vilevile, haiongezi kitu.

Anayeongeza ni Otieno.

Otieno na mimi tumebeba samaki pamoja tangu kabla ya Uhuru. Tunapakia samaki wetu wa ngege Homa Bay umande ukiwa bado majanini, tunapandisha Rangwe, tunafika Oyugis kabla jua halijawaharibu. Anayetangulia kufika sokoni ndiye anayechagua mahali pa kuuzia, kwa hiyo kipande kile cha mwisho kila mtu hukimbia kama anayefukuzwa, kapu likiruka kwenye karia. Miaka yote hiyo sijawahi kumtangulia Otieno sokoni hata siku moja, na kapu lake huwa zito kuliko langu.

Kwenye mbio nilimtangulia mara moja tu, na bahati mbaya siku hiyo watu wote walikuwa wanatazama.

Ilikuwa kwenye mbio za Oyugis, miezi miwili iliyopita. Tulifika kona ya mwisho wawili, Otieno mbele, mimi nyuma yake karibu kumgusa. Pale penye mawe nikasikia tairi lake la nyuma likitoa pumzi. Nikainama nikatazama. Lilikuwa limelala kabisa, anakimbia kwa chuma. Nikampita kwa urefu wa gurudumu moja. Watu wakajaa barabarani, vumbi likafunika kila kitu, na nilipogeuka nilimwona amejitwika baiskeli begani anaondoka zake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi nilikuwa juu ya mabega ya watu tayari, na sikumbuki kama nilijaribu kushuka.

Sikujaribu. Niandike tu.

Mwenyekiti wa kamati yetu ya mbio ni mwalimu mmoja mwenye sauti kubwa kuliko shule yake. Sisi sote tunamwita Jakom, ndiyo mwenyekiti kwa lugha yetu. Jioni ileile ya Oyugis alinipa jina la Radi. Wiki iliyofuata alikuwa amechapisha mabango: Njooni mmwone Radi wa Homa Bay. Mchoraji hajawahi kuniona, amenichora na masharubu ambayo sina. Bango moja liko kwenye ukuta wa posta, moja kwenye banda la mnada, na jana nimeambiwa jingine limefika mpaka Mbita. Gari lenye kipaza sauti limepita sokoni siku tatu mfululizo likilitaja jina hilo mpaka mke wangu akawa ananicheka kila ninapochelewa kuoga. Radi, maji yanapoa.

Ningeweza kuvumilia mabango. Tatizo ni mtu wa Kisumu. Ana duka kubwa la baiskeli na vipuri, naye anataka mwendeshaji mmoja wa kumwajiri kwa mshahara, awe anashindana kwa jina la duka lake Kisumu, Nakuru, hata Kampala. Mmoja tu. Amesema wazi kwamba atamchukua atakayeshinda kesho, na yuko hapahapa Migori, amekuja kutuona.

Kwangu mimi hiyo ingekuwa kazi nzuri. Kwa Otieno ni zaidi ya hapo. Malori yameanza kubeba samaki, na wachuuzi wa Oyugis hawatusubiri tena sisi wa baiskeli. Mimi nina shamba la baba la kurudia. Otieno hana shamba, ana watoto watatu na miguu ambayo itakuwa na kasi hii mwaka mmoja, labda miwili. Aliniambia mwenyewe tukiwa tunapumzika Rangwe: nisipopata mbio hizi, mimi sijui nitafanya nini. Alisema hivyo akitazama barabara, na mimi nikanywa maji yangu.

Kamati ilikaa mara mbili kujadili nani amalizie. Nilikuwepo, nimekaa kwenye dawati la watoto, magoti yakigonga mbao. Wengine walisema mtu mwepesi ni bora kwa sababu mteremko kutoka Rodi ni mrefu. Wengine wakasema hapana, mwisho wa Homa Bay una upepo wa ziwani, unataka mtu mzito mwenye mapaja. Walibishana juu ya mapaja yetu tukiwa tumekaa palepale, kama ng'ombe mnadani. Fundi Aloisi, anayetutengenezea baiskeli, ndiye pekee aliyesema neno la maana. Alitaka tupelekwe barabarani sisi wawili, tukimbie mara tatu, yeye asimame kwenye mstari.

Jakom akakataa. Alisema, "Na Radi akishindwa katika majaribio, Fundi, hayo mabango utayala wewe?"

"Bango halinyongi baiskeli," Fundi akamjibu.

"Lakini linaleta watu."

Wakacheka wote, na mjadala ukawa umekwisha. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule nikasema jamani, mimi sina kasi ya mwisho, Otieno ananishinda. Jakom akanipiga bega. Akawaambia wenzake waone jinsi kijana alivyo na adabu, bingwa wa kweli hajitangazi. Otieno alikuwa amekaa karibu na mlango. Alikuwa ananitazama.

Nilijaribu tena faraghani, nikamfuata Jakom nyumbani kwake. Akanikaribisha chai, akaniambia woga kabla ya mbio ni dalili nzuri.

Mara ya tatu ilikuwa Ijumaa kwenye sherehe ya kutuaga. Palikuwa na mpiga nyatiti, lile zeze letu la nyuzi nane, na kwetu nyatiti ikipigwa mtu hutoa sarafu, muziki unanyamaza, naye anasimama kujisifu mbele ya watu. Ndivyo tulivyo. Mtu anaweza kuwa hana hata kuku, lakini pale atasimama aseme yeye ni mwana wa nani na wanawake wanalia wakimkosa. Basi nikaona hapa ndipo pa kusema, maana hakuna atakayenikatiza. Nikatoa sarafu yangu. Nyatiti ikanyamaza. Nikasema mimi mwana wa Okech si mtu wa kumalizia, mimi ni mtu wa kufika tu, kuna mwenye kasi kuliko mimi na mnamjua.

Walipiga kelele mpaka mbwa wakaanza kubweka. Hawajawahi kusikia majivuno ya namna hiyo, mtu anayejisifu kwa kujikana. Mzee mmoja alikuja kunishika mkono akisema huyu ana akili, anawalaza usingizi wapinzani wetu wa Migori. Leo njiani, lori letu liliposimama Rongo, vijana walinipokea kwa maneno yaleyale: yule wa kufika tu, yule wa kufika tu. Kila ninachosema kinageuka kuwa sifa. Nimechoka, na sijui nishike wapi.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimepanga kuandika leo, na ningemalizia hapo, nijionee huruma kidogo, nilale.

Lakini Otieno amekuja sasa hivi.

Aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, ameshika gurudumu lake la nyuma. Ni jipya, tairi jembamba, amelilipia kwa samaki wa miezi mingi. "Omera, ndugu yangu, funga hili," akasema. "Lako lina spoki mbili zimelegea, litakusumbua ukianza kukimbia."

Nikalipokea. Nilikuwa nimelishika mapajani kama mtoto wa mtu, na nikashindwa kumtazama. Nikamwambia, "Otieno, siku ile Oyugis nilisikia tairi lako."

Akaketi kwenye ukingo wa kitanda. "Najua. Nilikuona ukiinama."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme mimi niliyeshindwa? Nani angenisikiliza? Wangesema huyu ni mtu wa visingizio. Nilikuwa nakungoja wewe."

"Nimewaambia. Otieno, nimewaambia mara tatu kwamba siwezi, na wewe umenisikia."

"Umewaambia huwezi," akasema. "Hujawaambia habari ya tairi langu."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepata la kujibu. Alisimama, akalizungusha gurudumu kwa kidole kuona kama limenyooka, akaniambia kesho tukishapita Rodi nikae kushoto kwake kwa sababu upepo utatokea kulia, halafu akarudi chumbani kwa wenzake.

Tangu atoke nimekuwa nikihesabu maneno yangu moja moja, yale ya darasani, yale ya chai, yale ya nyatiti. Hakuna hata mahali pamoja nilipotaja tairi. Nilisema mimi ni dhaifu, na hilo kila mtu hupenda kulisikia kutoka kwa mtu aliyeshinda. Neno lililokuwa linaniondolea ule ushindi nililiacha tumboni. Nilidhani hawanisikii, kumbe sijawaambia. Na nilijua ninachofanya? Sijui. Nadhani nilijua. Nilifurahia jina lile. Hata masharubu ya kwenye bango nilianza kuyafuga, mke wangu ndiye aliyenicheka nikayanyoa.

Kesho Otieno atanikatia upepo kutoka hapa mpaka ziwani, na atafanya hivyo kwa moyo wote kwa sababu ndivyo alivyo. Zikibaki hatua mia tatu atajitoa pembeni, amekwisha kabisa, na mimi nitakuwa na nguvu tele na miguu isiyojua kuzitumia. Tutashindwa wote wawili. Yule wa Kisumu atamchukua mtu wa Migori, mimi nitaenda kulima, na yeye ataamka Jumanne kwenda kutafuta samaki ambao lori limeshabeba.

Bado inawezekana kugeuza. Fundi Aloisi alisema wakati wa chakula kwamba zamu za barabarani hutolewa asubuhi kabla ya kuondoka, hazijaandikwa mahali. Ni Jakom tu aseme: Otieno anamalizia, wewe unakata upepo. Kukata upepo naweza. Ningemkatia mpaka mlangoni kwake.

Jakom yuko chumba cha pili. Ukuta kati yetu ni wa mbao, tena nyembamba, namsikia yuko na yule mwenye duka wa Kisumu, wanakunywa soda, anamsimulia nilivyochomoka Oyugis. Amefika kwenye ile kona. Sasa anaeleza vumbi. Nikinyoosha mkono kutoka hapa kitandani naufikia ukuta, na nikigonga mara moja tu atanyamaza aulize kuna nini.

Nimeandika kurasa nne, na bado sijagonga.