Balbu Uliyoifunga Kwenye Leso

Shikamoo Baba,

Nakuandikia wewe kwanza, maana jambo lenyewe ulilianza wewe. Mama yu salama, bado yuko nyumbani kwenu Bigwa, na hahami.

Unakumbuka ulivyotufuata chumba kwa chumba ukizima taa nyuma yetu? "Uniti hazioti kama mchicha," ulisema. Tangu tukuzike, Mama akazidisha. Korido akaiacha giza kabisa, eti ile balbu yako ya zamani inakula umeme. Mwezi uliopita akajikwaa humo, akaumia goti. Kaka akasema atamchukua akaishi naye Dodoma. Mama akaenda kuketi mahali pake, akiutazama mlima. Nikaingiwa na hofu, kwani najua hataki kuuacha.

Nikakimbilia mjini kununua balbu zisizokula umeme. Mjuaji mimi, nikaenda mikono mitupu. Nikarudi na za kuzungusha, kumbe nyumba nzima uliweka za pini. Nikaenda kubadilisha, nikapewa zenye mwanga mweupe pee. Nilipowasha sebuleni, Mama akasema pamekuwa kama ile wodi ya mwisho uliyolazwa. Akazima, akarudi kukaa gizani.

Nililia jikoni, Baba, sikufichi. Hapo ndipo nikaikumbuka leso yako. Kila ukitaka balbu mpya, uliifunga ya zamani kwenye leso, ukaitia mfuko wa shati, ukaenda nayo dukani. Nami nikikuonea aibu.

"Balbu haielezwi," ulinijibu. "Inaonyeshwa."

Kesho yake nikaifunga ile ya korido kwenye leso hiyohiyo. Mwenye duka aliicheka kidogo, akaiwasha, kisha akajaribisha za LED pembeni yake, moja moja, mpaka tukapata ya pini yenye mwanga wa njano kama wa yako. Akaniapia kwamba hata ikikesha, haifikii ulaji wa ile ya zamani.

Jioni nikaiwasha. Mama akapita koridoni, akarudi, akapita tena bila kushika ukuta. Kisha akaketi mahali pake, akaanza kuchambua maharage. Nikampigia Kaka kumweleza kwamba korido sasa ina taa, naye akakubali Mama abaki. Nimepumua, Baba. Wiki nzima nilikuwa sijapumua.

Nilipoaga, mkono ukaenda wenyewe kwenye swichi, mazoea yako hayo. Mama akanizuia.

"Iache, mwanangu. Hiyo hata baba yako asingeamka kuizima."

Basi pumzika, Baba. Huku kunaonekana.

Bintiyo, kitinda mimba wako