Tarehe Kumi na Mbili ya Mama

Chumba namba 7,
Sillim, Seoul.
26 Novemba 2023

Mpendwa Mama Mdogo Ok-bun,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya huko Ujerumani? Mimi mwili ni mzima, ila upweke unanila.

Nilitoka gerezani tarehe 12 Oktoba. Nilikuwa nimemwandikia mama: natoka tarehe 12, mwezi wa kumi. Getini wenzangu walipokewa na ndugu zao, kila mmoja akalishwa tofu, kile kipande cheupe cha soya cha desturi yetu, ili asirudi tena. Mimi nilisimama mpaka saa nane mchana, hakuja mtu. Bibi mmoja nisiyemjua akanimegea ya binti yake.

"Kula, mwanangu. Ukirudi humu nitakuchapa mwenyewe!"

Nilitafuna huku nalia.

Unakumbuka picha yangu ya tangazo ubavuni mwa basi, nikiwa na miaka kumi na tisa? Uliwaonyesha manesi wenzako wote. Sikukwambia kwamba wanamitindo tulipimwa uzito kila Jumatatu, na aliyeongezeka alirudishwa kwao. Nikaanza vidonge vya kukata njaa, kisha vya usingizi, mwishowe nikawa navinunua kwa majina ya watu wengine. Hapo ndipo nilipofungwa. Lakini mama kutonijia kuliniuma kuliko kifungo. Nikasusa, sikumpigia simu.

Ijumaa nilitamani nyama ya kuchoma. Mwenye mgahawa akauliza, "Mko wangapi?" Nikasema niko peke yangu. "Aa, dada, hapa tunawasha moto kwa kuanzia watu wawili. Kamlete mwenzio."

Sina mwenzangu. Nikaenda moja kwa moja kwa muuza vidonge wangu wa zamani. Nilivyonunua nikavilaza mezani usiku kucha, nikivitazama.

Jana simu ikalia. Ni Suk-ja, jirani yetu wa Beolgyo.

"We msichana una moyo gani? Mama yako jana kutwa kasimama gerezani na tofu yake, anaambiwa ulishaondoka zamani!"

Mama Mdogo, dada yako anaokota kombe za baharini matopeni, na maji hupwa na kujaa kwa kufuata mwezi wa angani. Tarehe zake zote ni za kalenda ya mwezi. Mimi niliyekulia naye nyumba moja nikasahau! Tarehe kumi na mbili ya mwezi wake wa kumi ilikuwa Ijumaa hii.

Vidonge nimevimwaga chooni. Sikudanganyi, naogopa. Basi la kusini, la kwenda kwa mama, linaondoka saa nne asubuhi.

Nisalimie Baba Mdogo Dieter na mdogo wangu Hana. Uishi miaka mingi, na goti lipone.

Suk-ja anasema ile tofu mama hajaila wala hajaitupa. Ameiloweka kwenye bakuli, na anasema maji atayabadilisha kila asubuhi.

Wako akupendaye,
Na-gyeong