Gari Lisilo na Kiti cha Nyuma

Al Khoudh, Muscat
6 Juni 2001

Baba yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Vipi mgongo, na kile kifua kinachokubana wakati wa mvua? Sisi wazima. Atheer ana miezi kumi sasa, meno manne, na anang'ata bila kuchagua mtu. Barua hii anakuja nayo Bi Kheiria, jirani yetu. Nimeona niandike kwa sababu simu iko sebuleni, na Aflah akisikia ni wewe hutaka na yeye akusalimie, basi nnachotaka kusema sikisemi.

Baba, Aflah kauza lile gari letu kubwa. Kanunua jengine Dubai, Mustang nyekundu ya Kimarekani. Siku aliyolileta nilitoka na Atheer mkononi, nikafungua mlango nimtie nyuma. Nyuma hapana kiti! Zulia tu. Nikamwambia, "Wamekuibia viti, rudi ukawashtaki!" Akacheka mpaka akakaa chini. Kumbe limetengenezwa vivyo hivyo. Halina redio. Halina hata kiyoyozi, na hapa ukiacha ndala nje jua linazikunja. Ati yametengenezwa mia tatu tu dunia nzima, na mtoto asikalishwe juu ya boneti hata kwa picha.

Basi tokea mwezi wa nne sijatoka. Kazini kwake Al Khuwair huenda kwa gari la rafiki yake Saud, kwa kuogopa watu wasije wakamkwaruzia lake. Gari linakaa chini ya kipaa, limefunikwa shuka, na mie nimekaa ndani nalitazama dirishani. Duka la karibu ni mwendo wa nusu saa juani, na teksi huku haziingii.

Sitaki kumvunjia adabu, ni mtu mwema. Lakini wewe ndiye uliyenioza, na neno lako atalisikia. Mwandikie, Baba, kwa upole. Aniletee gari lenye pahala pa mtoto, na aniruhusu nichukue leseni. Kuendesha nnajua.

Nnangoja jibu kwa hamu.

Mwanao,
Hasina


Unguja
1 Julai 2001

Mwanangu Hasina,

Waalaykumu salaam. Kifua kimetulia, mgongo ndio huo huo, tunakwenda nao. Barua yako nimeisoma gereji, nikaisoma tena nyumbani.

Mustang ya mia tatu! Mwanangu, unajua una kitu gani chini ya hicho kipaa? Nililiona mara moja katika jarida la mgeni mmoja aliyeleta gari lake kwangu, nikalishika jarida mpaka akaniachia. Hapana aliyeiba viti, viti waliving'oa kwa makusudi. Kila kisichosaidia mbio walikitoa: viti, redio, kiyoyozi, kwa sababu uzito ndio adui. Likisha kuwa jepesi wakatia silinda nane, gia sita, na breki za kukamata papo hapo. Ekzosi inatokea ubavuni, mbele ya mpira wa nyuma, tazama utaiona. Magari mengine hutengenezwa yampendeze kila mtu, na wake na watoto na magunia yao. Hili halikutaka kumpendeza mtu. Lina kazi moja tu. Ndiyo maana mwenye nalo hujiona kama limemchagua yeye.

Aflah nimemwandikia, barua yake imo humu. Nimempongeza. Nimemwambia asiliache likalala, aliwashe kila siku ya tatu mpaka injini ipate moto sawasawa, na usukani asimpe mtu. Hilo la leseni subiri kidogo. Waume vijana wana mapenzi yao, hupoa.

Chungulia chini ya boneti uniandikie namba yake. Na picha, tafadhali. Nibusie mjukuu wangu.

Ni mie Babako


Al Khoudh, Muscat
20 Agosti 2001

Baba,

Salamu nyingi, na Mungu akuzidishie afya. Mimi mzima. Atheer alikuwa haumwi, akaumwa, sasa kapoa, nitakueleza.

Barua yako Aflah kaisoma mbele ya Saud na rafiki yao mwengine, Osama, kasimama kama khatibu. Saud akasema, "Mkwe kama huyu mie sikupewa. Wangu mie kila Ijumaa huniuliza mbona nimenenepa." Walipofika pale uliposema usukani asimpe mtu, Osama akanigeukia mlangoni, nimeshika birika la kahawa. "Hasina, umesikia? Amri ya baba!" Wakacheka. Na mie nikacheka, kisha nikarudi jikoni nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Sasa kila siku ya tatu analiwasha, kama ulivyoagiza. Madirisha yanatetemeka, Atheer anaamka analia.

Lakini nikwambie kweli. Ijumaa moja mama mkwe alikuja kututembelea, tukamwachia mtoto, Aflah akanichukua alfajiri njia ya Barka, barabara tupu. Nilimwona Aflah nisiyemjua. Kutwa wizarani anapiga mihuri karatasi za watu, akirudi anasema maneno matatu. Mle ndani anaimba! Redio hapana, anaimba yeye. Mgongo unakamatwa na kiti, tumbo linabaki nyuma, na mie nacheka mpaka ushungi umenivuka. Nilimwelewa, Baba, wallahi. Tuliporudi akalifunika shuka, nikaingia ndani, mlango ukafungwa. Hapo ndipo nilipolia.

Wiki iliyopita Atheer kashikwa na homa, mwili kama mkate umetoka jikoni. Nikapiga simu wizarani, hapana anayepokea. Nikampigia Hamdiya wa nyumba ya pili, kasafiri. Gari liko mlangoni. Ufunguo uko kwenye msumari. Niliushika, Baba, nikaurudisha. Leseni sina, na mtoto nimweke wapi, na sauti yako naisikia, usukani asimpe mtu. Nikamfunga kanga iliyorowa, nikatoka kwa miguu mpaka barabara kubwa, saa saba mchana. Dereva mmoja wa basi la chuo kikuu akatuonea huruma. Daktari kasema masikio tu, kampa dawa. Kapona.

Namba ya gari nimekuandikia nyuma ya picha.

Mwanao,
Hasina


Unguja
2 Oktoba 2001

Mwanangu,

Nakusalimu, na mtoto namsalimu kabla yako. Tokea nipate barua yako kila nikifunga nati nakuona wewe na mtoto juani. Nimekosa. Barua haitoshi tena. Nimepata nafasi ya ndege mwisho wa mwezi huu, nakuja mwenyewe. Nitamkalisha Aflah, nitazungumza naye uso kwa uso kama inavyompasa baba wa mke. Usimgusie lolote, niachie mie.

Babako


Al Khoudh, Muscat
28 Novemba 2001

Baba yangu,

Natumai umefika salama na baridi ya ndege haikukuingia kifuani. Nyumba kimya tokea uondoke. Atheer anakwenda pale ulipokuwa ukivua viatu, anatazama.

Siku kumi na mbili, Baba. Siku ya kwanza nilisema umechoka. Ya pili mlikuwa chini ya gari, miguu minne imetokeza, na ya baba na ya mume naipambanua kwa soksi tu. Nikaleta chai, mkaipokea bila kutoka. Siku ya kumi nikakukonyeza tunakula, ukaniambia, "Chumvi iko sawa, mwanangu." Uwanja wa ndege ukanikumbatia, kisha ukamwambia Aflah, "Usisahau kubadilisha mafuta." Basi, ukaondoka.

Nilirudi nimekaa kiti cha nyuma cha gari la Saud, nina hasira hata kulia siwezi. Tulipofika nikamwambia Aflah akae. Nikasema mwenyewe.

"Sikwambii uliuze. Nimelipanda, nnajua. Lakini nyumba hii ina watu watatu na gari la watu wawili. Huyu wa tatu hawezi kubaki peke yake, kwa hivyo tunabaki sote wawili. Miezi saba, Aflah! Atheer akiumwa tena ule ufunguo nitauchukua, na likwaruzike."

Akavua kofia, akaiweka mapajani. Halafu akasema, "Mie nilijua baba yako kaja kunikaripia. Siku zote kumi na mbili nangoja. Kila akifungua mdomo najitayarisha. Aliposema mafuta, nikaona basi, mambo yako sawa."

Umesikia, Baba? Nyinyi mnangojana chini ya gari, na mie nawangoja nyinyi juu.

Kamwomba nduguye Musallam gari lake kuukuu, jeupe. Mlango mmoja haufunguki, lakini kiti cha nyuma kipo na ubaridi unatoka. Lile jekundu liko pale pale, na siku moja moja namwambia mwenyewe alitoe, namwona uso unavyokunjuka. Mwalimu wa udereva, Bi Wadha, anakuja Jumamosi na Jumatatu. Katika mtihani hapa unarudisha gari nyuma katikati ya mapipa. Juzi nikaangusha moja. Bi Wadha akasema, "Hilo la serikali, shuka uliombe radhi." Nitarudia mtihani baada ya Idi.

Sina hasira nawe tena. Lakini barua ijayo usimwandikie Aflah, wala usiniulize injini. Niandikie mie.

Mwanao,
Hasina


Unguja
5 Januari 2002

Mwanangu Hasina,

Salamu zangu ni zako peke yako leo. Barua hii nimeianza mara tatu, na mara tatu kalamu imekwenda kwenye injini, pasipotakiwa. Nimezichana.

Jana Bi Kheiria, yule jirani yenu, kanipigia hodi. Kasema umepita mtihani, mapipa yote yamesimama. Nilitaka kuita gereji nzima, nikaona kwanza nikae nikuandikie. Yeye anarudi huko Jumanne, atakuletea.

Unalala vya kutosha? Ulipojifungua uliumia sana? Sikupata kukuuliza, na Mama yako hayupo wa kukuuliza. Huyo Hamdiya ni rafiki wa kweli au jirani wa salamu tu? Unapokasirika nani anakusikiliza?

Na siku ile ya kwanza uliyoendesha, wewe na Atheer peke yenu, mlikwenda wapi? Niambie njia nzima. Karatasi ikiisha tia nyingine.

Babako