Maji ya Alhamisi

Rushon, 14 Juni

Dada yangu mpenzi Savrinisso,

Pokea salamu zangu nyingi. Je, goti limepoa? Na shemeji bado analalamikia joto la Dushanbe? Huku sote wazima, ila watu wamenichosha.

Unajua Mirzosho, msimamizi wa mfereji, alimpa jirani zamu yetu ya maji ya kila Alhamisi. Kwa wiki tatu miaprikoti ya baba ilipukutisha majani, na Qurbonsho wangu yuko Urusi kazini. Kila niliyemwendea aliniambia nikungoje wewe uje unisemee. Hiki kigugumizi changu wanakiona ni ububu! Nikifungua mdomo wananimalizia, tena wanakosea. Juzi dukani nilitaka chumvi. Nilipofika “ch”, nikafungiwa chai.

Jumatatu kukawa na mkutano, nikasimama. Neno “maji” likanikwama kooni. Mirzosho akadakia, “Majirani? Haya, wamekukosea nini tena?” Wakacheka. Nikatamani kuketi. Kisha nikajiambia kwamba mle ndani hakuna aliyelijua jambo langu kunishinda, na kama wote hawaamini nitalifikisha, basi nitaamini mimi peke yangu.

Nikamwambia, “Ny-nyamaza, mjomba. Sijamaliza.”

Dada, nilisema mpaka chai yao ikapoa. Nilikwama, nikaanza upya, nikakwama tena, lakini nilisema yote. Tumerudishiwa Alhamisi yetu. Unajua Mirzosho alisema nini? “Sasa mbona hukusema mapema, mwanangu?” Nusura nimpige koleo!

Sasa nikiri. Siku ile hukunipata kwa simu kwa sababu niliizima makusudi. Ungejua kuna mkutano, ungepanda gari ukaja kunisemea, nami ningekuachia, kama siku ya nikaha yangu. Niliulizwa mara tatu kama namkubali Qurbonsho, ukajibu wewe. Nilimpenda, Dada, wala sijutii. Lakini “ndiyo” ile ilikuwa yangu, nami nilikuwa nimeshafika nusu. Miaka kumi na moja nimeshindwa kukuambia. Najua ulinionea huruma. Usinionee tena. Ningoje tu.

Msalimie shemeji na watoto. Ukija kula aprikoti, njoo na subira.

Mdogo wako akupendaye,
Gulbegim