Nimejifungia Nje ya Seva ya Mgodi

Colleen, rafiki yangu, uko hewani? Nimejifungia nje ya seva ya mgodi.

Nilikuwa nimeitenganisha diski ya vipimo vya mitetemo. Kabla ya kuiunganisha tena nikataka kujiongeza kwenye kundi la watumiaji wake. Nikasahau herufi moja ya amri. Mfumo ukaniingiza humo na kunitoa kwenye makundi mengine yote, hata la wasimamizi.

Dirisha langu la amri lilikuwa bado na mamlaka ya zamani. Nikalifunga. Nikalifunga, Colleen, ili mabadiliko yaanze kazi!

Sasa siwezi kuirudisha diski, na bila vipimo kengele ya kuporomoka kwa mwamba hailii. Watu wako chini wanachimba potashi.

Nimempigia Gaétan, fundi mwenzangu. Yuko ziwani, anavua samaki kwenye tundu la barafu.

"Ingia unirudishe kwenye wasimamizi, haraka."

Akacheka. "Bosi, si uliniondoa wewe? Ulisema msimamizi mmoja makini anatosha."

Nilisema hivyo. Mbele ya watu wote.

Nimempigia mkuu wa zamu awapandishe wachimbaji wote juu. Ameuliza, "Kuna nini, mama? Mwamba umetikisika?"

Nikamjibu, "Sijui. Ndiyo maana nakuomba uwatoe."